Video Isiyo na Sauti

Mtangazaji wa chati ya nyimbo redioni ana kidole kisichotulia. Kutwa kinagonga meza kwa mapigo. Tangu watazamaji wa video za mtandaoni waanze kuhesabiwa kwenye chati, husonya kabla ya kusoma namba moja. "Macho hayasikii, ndugu zangu! Mtu akitazama viuno, ndiyo kaupenda wimbo?" Ile sauti yake ya kubembeleza hapo hukwaruza. Na mwimbaji anayeongoza, mwanamke ambaye zamani mtangazaji huyu alikuwa mwitikiaji wake majukwaani, humwita "yule wa video". Jina lake halimpiti kooni.

Leo fundi mitambo kamkuta peke yake studio, simu mkononi, anatazama video ya mwanamke huyohuyo. Sauti ameizima.

"Kaka, na wewe unamwongezea watazamaji!"

"Namwongezea nini? Sisikilizi mimi. Nakagua."

"Sizitaki mbichi hizi," fundi akacheka, akaenda zake.

Kidole kikaendelea kugonga, hakikukosa pigo hata moja. Video ilipofika kwenye kiitikio, pale ambapo zamani sauti ya pili ilikuwa yake, mtangazaji akavuta pumzi, akafungua mdomo.