Bi Ozella Akataa Kukiri kwa Mkupuo

Bi Ozella Guidry, mpishi wa shule kule Louisiana, alikaa rumande miezi miwili kwa kosa la kuiba jenereta. Jenereta yake mwenyewe, nasema! Baada ya kimbunga aliliazimisha kanisa. Umeme uliporudi akaenda kuichukua. Mchungaji mgeni, asiyejua la mbele wala la nyuma, akaita polisi.

Asiye na uwezo hupewa wakili wa bure. Wa wilaya nzima ni mmoja, Bwana Prejean. Kila uchaguzi wakubwa huapa kuongeza wengine, wakishapita, wamesahau. Ozella alimwona mara ya kwanza asubuhi ya kesi, mlangoni mwa mahakama, amekumbatia mafaili kama mchuuzi wa mitumba.

"Tanya, wewe ndiye wa bangi?"

"Tanya huyu hapa nyuma. Mimi Ozella, wa jenereta."

"Haya, bibi. Jaji akiuliza, itikia na wenzako. Ukikiri, miezi uliyokaa inahesabiwa kifungo, leo unalala kwako."

"Nilale na jina la mwizi? Shule gani itaniachia tena sufuria?"

"Usinicheleweshe, bibi."

Wakapangwa wanawake sita na pingu zao mbele ya jaji. Ndiyo desturi ya pale: makosa mbalimbali, jibu moja, kama watoto wa darasa la kwanza wakimwamkia mwalimu.

"Mnakiri makosa yenu?"

"Tunakiri!"

"Mimi sikiri," akasema Ozella.

Tanya akamfinya. "Mama, acha ubishi, twende nyumbani tukale!"

"Kale wewe. Mimi sikuiba."

Jaji akavua miwani. "Wakili, mteja wako anajitetea vipi?"

Prejean akapekua mafaili. Hakuwahi kumuuliza.

"Nina shahidi," Ozella akamgeukia. "Shemasi Alcide, aliyeibeba kutoka kwangu kwa mikono yake. Alikwenda polisi, wakamwambia amwone wakili. Kagonga kwako mpaka kachoka! Ni kinyozi, duka lake ng'ambo ya barabara hii. Ungemwita hata kwa mluzi, baba!"

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka, akaahirisha kesi hadi mwezi ujao. Watano waliokiri wakaenda makwao, mwenye kosa na asiye na kosa. Msema kweli akarudishwa ndani.

Prejean akamfuata ukumbini, kalamu mkononi. "Bi Ozella, huyo shemasi anaitwa nani vile?"

"Vuka barabara ukamuulize," akajibu, askari akimvuta. "Mimi nimefungwa. Wewe una miguu."