Nives na Mbwa wa Wachimba Uyoga

Asubuhi Nives Baldarelli alitengeneza nywele za wanawake wa Sant'Ersilia. Alasiri, kuanzia saa kumi, alitengeneza za mbwa. Kazi hii ya pili hakuitafuta, ilimfuata yenyewe mlangoni. Wanaume wa kijiji kile huingia msituni kutafuta tartufo, uyoga unaoota chini ya udongo kwenye mizizi ya mialoni, na wanaojua ulipo ni mbwa tu. Mbwa wenyewe wana manyoya ya kusokotana kama ya kondoo. Wakirudi nyumbani hurudi na nusu ya msitu, na ndani ya nusu hiyo hamkosi kupe.

Mwanamume anayeweza kunyoosha mkono gizani akatoa uyoga wa ukubwa wa ngumi hawezi kumwona kupe wa ukubwa wa punje ya ufuta. Nives aliwaona kwa vidole. Alimpandisha mbwa juu ya meza ya kupigia pasi uani, akaanza masikioni, akateremka chini ya ukosi wa shingoni, makwapani, kinenani, chini ya mkia, na mwisho katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo wengi husahau. Akimpata, alimbana kwa kibanio chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, akamvuta taratibu bila kumminya. Kupe alitumbukia kwenye kichupa cha spiriti, na pale alipouma pakapakwa dawa.

"Si ungemwagia tu mafuta ya zeituni, aachie mwenyewe?" Quinto alimuuliza kila wiki. Quinto alikuwa mchimbaji mwenye domo na tumbo, na mbwa wake, Lampo, alifanana naye kwa yote mawili.

"Ukimkaba anatapika," Nives alijibu kila wiki. "Na atatapikia ndani ya damu ya Lampo. Shika miguu hiyo, acha maneno."

Siku yenye balaa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita. Mezani alikuwa Pepita, mbwa wa mzee Settimio. Settimio alikuwa mjane, mtu mkavu, na inasemekana hata marehemu mkewe hakuwahi kuambiwa alikokuwa akichimba. Nives alikuwa akichana vidole vya Pepita huku akizungumza, kama wazungumzavyo watengeneza nywele wote duniani, ikamtoka tu: "Vumbi jeupe hili. Leo mlikuwa machimbo ya chokaa nini?"

Uani walikuwapo wachimbaji wengine wanne. Wote walisikia. Quinto alitazama juu, akaanza kusifia hali ya hewa.

Settimio alimteremsha Pepita mezani akiwa na kupe wawili bado mwilini, akaondoka bila kuaga. Kesho yake alfajiri alipofika machimboni alikuta udongo umefukuliwa upya, na nyayo za buti kubwa kila mahali. Mchana Quinto alionekana sokoni na kikapu kilichojaa, akicheka peke yake.

Nives alijisikia kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake akaisomea barazani. Alioka mkate bapa wa mafuta ya nguruwe, akaenda nao kwa Settimio. Mzee hakufungua mlango. Alitokeza kichwa dirishani.

"Nimekuja kukuomba radhi," Nives alisema. "Nilipayuka."

"Sawa."

"Nifungulie basi nimmalizie Pepita. Nilimwacha na wawili."

"Mbwa wangu hana kupe."

"Kila mbwa ana kupe mwezi huu, Settimio."

"Wangu ana adabu."

Nives akaacha mkate juu ya ukuta wa bustani, na kando yake ukosi mpya wenye dawa ya kufukuza kupe. Alipopita siku ya pili mkate haukuwapo. Ukosi ulikuwapo, umefungia mche wa nyanya kwenye kijiti chake.

Watu wakamletea habari kwamba siku hizi Settimio anamwosha Pepita mtoni kabla ya kurudi, asibakie na hata chembe ya udongo. Alichokuwa akiosha ni ushahidi. Kupe hawakwenda na maji.

Wiki tatu zikapita. Siku moja saa sita mchana Nives alikuwa amemtia mteja dawa na vibanio vya nywele kichwa kizima aliposikia mlango ukisukumwa kwa bega. Settimio alisimama pale, Pepita mikononi kama mtoto aliyelala.

"Tangu jana hajala," alisema. "Leo hata kusimama hawezi. Amekojoa, Nives. Mkojo kama kahawa."

Nives aliinua mdomo wa mbwa. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Akapitisha vidole miguuni, na kati ya kidole cha pili na cha tatu akampata, mnene, wa kijivu, ameshiba. Alimtoa palepale, akamtia kwenye kichupa, akachukua funguo za gari.

"Na nywele zangu?" mteja aliuliza.

"Zitaiva polepole. Usiguse."

Loredana, daktari wa wanyama wa mji wa bondeni, alitoa tone la damu na kulitazama kwenye hadubini. Akasema kuna vijidudu ambavyo kupe huvipitisha kwenye damu, navyo huzipasua chembe zake. Akampiga Pepita sindano na kumtundikia dripu. Hakuahidi kitu, ila alisema wamemwahi.

"Amekuwa akipita wapi?" aliuliza.

Settimio akatazama dari. "Porini."

"Pori gani? Huyu ni wa tatu wiki hii. Kama kuna mahali kupe wake ni wabaya, wenzako wajue."

Mzee alimtupia Nives jicho. Nives akaelewa, akashika mlango atoke.

"Kaa," Settimio akasema. "Hata ukitoka, utajua tu ukimchana." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Bonde lililo nyuma ya kanisa lililobomoka. Chini ya mialoni mitatu. Kondoo walilala pale masika yote."

Alilisema bonde lile kama mtu anayetoa jina la mpenzi wake wa siri.

Jioni Settimio aliingia baa ya kijiji, jambo lililowashangaza watu, akawaambia wachimbaji wote wasipeleke mbwa nyuma ya kanisa hadi wawe wamewakinga. Halafu Quinto akapasuka kwa kicheko.

"Mzee kapata pazuri," alisema. "Sasa anatutishia kupe. Kesho atatuambia kuna simba."

Wote wakacheka, na hawakuwa na kosa sana. Katika miaka arobaini Settimio hakuwa amemwambia mtu ukweli hata mmoja kuhusu msitu. Settimio akasimama na kofia mkononi, hajui la kufanya na ukweli wake.

Nives alikuwa mlangoni. "Mimi nilimtoa kupe huyo kwa mkono huu," alisema. "Nimeona ufizi wa Pepita. Quinto, unataka kumwona Lampo akikojoa kahawa, nenda. Mimi sitakuzuia."

Quinto akaacha kucheka. Alimtazama Lampo aliyekuwa chini ya meza akila maganda ya jibini, akamvuta karibu na mguu wake.

Kesho yake uani kwa Nives kulikuwa na foleni. Alimvalisha kila mbwa ukosi na kuukaza hadi vidole viwili tu vipite. Wasiotaka ukosi aliwatuma kwa Loredana wakachukue vidonge. Alimkataza Quinto kumpaka paka wa mkewe dawa ya mbwa, maana ingemuua, na wote wakajua angejaribu. Aliwanyoa mbwa tumboni na miguuni, akawaapisha wenye mbwa kuwapapasa siku hiyohiyo watokapo msituni, wasingoje kesho.

Kisha akatundika pazia la maua uani. Tangu siku hiyo mbwa waliingia mmoja mmoja na bwana wake, wengine wakingoja nje.

"Huyo mbwa wa Fosco katoka wapi leo?" Quinto alinong'ona siku moja, akichungulia.

"Katoka kwao," Nives akajibu.

Pepita alianza kula siku ya nne. Mwezi wa nane alikuwa akikimbia, na ukosi mpya shingoni. Alfajiri moja Settimio akabisha kwa Nives, amevaa kofia yake nzuri, akasema kama anataka kuona kitu avae buti. Walitembea saa nzima. Chini ya mialoni mitatu Pepita alikwaruza, akakaa, akamtazama mzee. Settimio akamkabidhi Nives kijembe cha kuchimbia.

"Taratibu," alisema. "Kama unatoa kupe."

Nives alitoa uyoga mweusi, wa kukwaruza kama gome la mti, harufu yake ikampanda hadi kisogoni. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuletwa pale. Akalifukia shimo kwa mikono yake.

Waliporudi, alimkagua Pepita, hakukuta kitu. Ila alimwona mzee akijikuna.

"Settimio, pandisha suruali."

"Kuna wanawake ndani."

"Pandisha."

Walikuwa wawili, nyuma ya goti la kushoto. Wateja watatu, vichwa vimejaa vibanio, walitoka ndani na vikombe vyao vya kahawa kuja uani kutazama. Settimio alilala kifudifudi kwenye meza ya kupigia pasi, uso ndani ya kofia yake nzuri, na Pepita alikaa kando akimlamba mkono.