Kompyuta Kuukuu Iliyokuwa na Jina la Mke Wangu

Kompyuta niliyonunua hapa Garissa ilikuwa na jina la mke wangu ndani.

Mke wangu Amino amekufa, sasa ni miaka minne. Na kompyuta hakuwahi hata kuishika.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, makosa mtanisamehe. Binti yangu Filsan yuko chuo, na kazi zake alikuwa anazifanyia kwa simu mpaka macho yanamuuma. Kompyuta mpya ingemaliza mbuzi wangu wote. Nikaenda kwa Ayanle, fundi anayenunua kompyuta zilizotupwa na maofisi, anazikarabati na kuziuza bei ya chini. Akaniapia hii amebadilisha betri na kibodi, itapiga kazi kama mpya.

Ndani hakugusa.

Asubuhi ya pili Filsan akaniita. Sauti haikuwa yake.

"Aabo, hizi ni faili za ile hospitali aliyofia Mama. Naye yumo."



Wakubwa wa ile hospitali waliniambia faili ya Amino imepotea. Alikufa na mtoto tumboni, mimi niko mbali, huko Diff, na mifugo. Niliwalaani kila Ijumaa. Kumbe faili wameiuza ndani ya kompyuta, kama chuma chakavu.

Nikamwambia asome. Akakataa. Nikamwambia tena.

"Daktari anataka kumpasua haraka. Mgonjwa mwenyewe amekubali." Akashusha ukurasa. "Shemeji yake amekataa. Anasema mpaka mume arudi."

Shemeji huyo ni Guleid, ndugu yangu wa tumbo moja. Katika ukoo wetu mke hapasuliwi bila neno la mume, na mume akiwa mbali, ndugu yake ndiye anasema. Hospitali nao wakashika neno la mwanamume aliyesimama mlangoni, wakaacha la mwanamke aliyelala kitandani.

Simu yangu siku ile ilikuwa na mtandao mchana kutwa. Haikulia.

Nikamfuata Guleid soko la mifugo. Nilitaka akane. Hakukana.

"Walaal, ningekupigia ungesema nini?"

 Wallahi jibu nalijua. Ningesema wasimguse mpaka nifike.

Wakubwa bado nawalaumu. Walinidanganya machoni, na wakauza siri za wagonjwa bila kuzifuta.

Lakini wewe mwenye mke mjamzito, kabla hujaondoka na mifugo, simama mbele ya ndugu zako useme: neno lake linatosha.

Mimi sikusema.