Jina la Marehemu Kwenye Seva

Machi 2006 nilimzika mume wangu. Alikuwa karani wa kompyuta kwenye ghala la mbegu hapa Kitale. Mimi nilikuwa mtunza ghala palepale. Niliporudi kazini, kila asubuhi programu ya mauzo ikifunguka, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watumiaji. Nikamwomba meneja liondolewe. Akapiga simu makao makuu, Bungoma, wakalifuta.

Kesho yake programu ikaandika kwamba haiwezi kuingia kwenye databesi yenye rekodi zetu. Mvua ya kupanda ilikuwa imeanza, wakulima wamejaa nje, na bila risiti ya kompyuta hakuna mbegu iliyotoka. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu wa kisasa.

Bungoma walisema kosa ni la Kitale. Sisi tukasema ni la Bungoma. Seva, ile kompyuta kuu ya ghala, ikazimwa na kuwashwa siku mbili. Waya mpya ukanunuliwa. Mchungaji akaletwa, akaiwekea seva mkono, akasema ina joto sana.

Siku ya tatu meneja akatangaza mlangoni: "Si ni marehemu, bana! Alitega hii mashine kabla aende."

Mama mmoja wa Kimilili akamjibu: "Ati maiti ndiyo inaninyima mbegu? Na wewe uliye hai unafanya nini?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Mume wangu hakuwahi kumtegea hata panya wa ghalani, na mimi nilikuwa nimeshuku ni lile jina lililofutwa, nikanyamaza siku tatu nikiogopa kufutwa kazi. Fundi alipofika kutoka Bungoma nilimwambia mbele ya meneja: "Ni mimi niliomba jina lifutwe. Jioni hiyo likafutwa, asubuhi ikakataa."

Fundi akafungua faili la mipangilio, akaguna. "Mama, programu haikupewa jina lake yenyewe la kuingilia. Yote ilikuwa inaingia kwa jina la mzee wako."

"Nani aliipanga hivyo?" meneja akauliza.

"Sikumbuki," fundi akasema.

Mimi nilikumbuka. Ni fundi huyohuyo, na siku hiyo alikuwa anakimbilia chakula cha mchana.

Paswadi ilikuwa wazi mlemle kwenye faili. Fundi akaisoma kwa sauti. "Huyu naye ni nani?"

"Ng'ombe wetu," nikasema.

Akamrudisha mume wangu kwenye orodha, akaandika jina la ng'ombe, programu ikafunguka. Meneja hakuomba msamaha. Alisema tu, "Basi akae."

Yule mama wa Kimilili alipata risiti ya kwanza. Nikambebea mfuko wake wa mbegu hadi mlangoni.