Posa Thelathini na Moja

Nilitoka Mtwara kwa basi, nikavuka bahari mara mbili, nikafika Wete kutengeneza seva ya barua pepe ya ofisi moja. Nimehamahama ujana wangu wote, na sikuwahi kutamani kubaki mahali mpaka nilipomwona Bi Rehema wa masjala.

Barua za kwenda kwa wafanyakazi wote zilikuwa hazitoki. Nilihitaji maneno ya kujaribia, nikaandika yaliyonijaa moyoni: "Mzee Faki, naomba uniozeshe binti yako Rehema." Mzee Faki, baba yake, ndiye mtunza stoo wetu. Barua ilikwama. Nikaipamba, nikaituma tena, ikakwama. Nikaendelea hivyo siku tatu, kwa raha zangu.

Alhamisi nikaligundua kosa, nikalirekebisha, na kwa majivuno nikaita ofisi nzima ishuhudie. Nikaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni, zikajipanga kwenye skrini barua thelathini na moja zinazosubiri.

"Tazameni fundi!" nikasema, nikaandika postqueue -f, amri ya kuzisukuma zote zitoke.

Simu zikaanza kulia mifukoni. Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mzee Faki akavaa miwani, akasoma taratibu. "Bwana weye, posa huletwa na wazee. Yako yaletwa na kompyuta, mara thelathini na moja?"

"Samahani, mzee. Nilikuwa najaribu tu."

"Ala! Mwanangu wa kujaribiwa?"

Ofisi ikaangua kicheko. Bi Rehema akajifunika uso kwa mtandio.

"Baba, wazee wake wakija, waje na ile ya kwanza. Kwenye ya ishirini macho yangu kayafananisha na ya ng'ombe."