Makaa yetu yasiyo na moshi nusura yamuue Hajati

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kamwokya, Kampala. Kuna mahali yananiaibisha, lakini nayaandika yalivyo.

Mimi ni volunteer kwenye kikundi cha mtaa. Hatuna ofisi wala mfadhili. Kila Jumamosi tunakusanya maganda ya matooke, zile ndizi za kupika, sokoni, tunayakausha, tunayachoma, kisha tunachanganya na uji wa muhogo na kufinyanga makaa. Lengo ni watu waache makaa ya miti.

Kazi yangu ni training, ndiyo maana wananiita Mwalimu.

Sasa kosa langu. Nilipofundishwa, niliambiwa makaa haya hayatoi moshi, ila yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, usiwashe kwenye chumba kilichofungwa.

Hiyo sehemu ya pili niliiruka. Niliogopa watu wataikataa project. Nikawa nasema tu, "Hayana moshi, hayachafui hata ukuta." Mtu akisikia hivyo si atapikia ndani?

Wa kwanza kukubali alikuwa Hajati Safina, mjane anayefundisha watoto Kurani barazani kwake. Yeye akikubali kitu, nusu ya mtaa inakubali.

Asubuhi moja mvua kubwa ikanyesha. Akapiga simu Akello, mke wa askari, mwenzangu kwenye kikundi.

"Mwalimu, wanafunzi wa Hajati wako hapa barazani wanalowa. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimegonga sana, haitiki."

Kabla sijavaa viatu nilishajua.

Nilipofika, dirisha lilikuwa limezibwa kwa khanga mvua isiingie. Tukavunja mlango. Hakuna moshi, hakuna harufu, chumba kisafi kabisa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Sigiri, jiko lake la makaa, ilikuwa katikati, makaa mekundu, na Hajati amelala pembeni yake, mwiko bado mkononi.

Tukamvuta hadi barazani. Nikaweka sikio puani kwake, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati, sikusikia kitu. Akello akaweka kiganja kifuani.

"Anapumua," akasema. "Kidogo."

Jirani mmoja akamkimbiza hospitali kwa gari lake. Mimi na Akello tukabaki barazani.

Akello akaniuliza taratibu, "Haya makaa, tuliwagawia nani wengine?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoijua hofu. Mvua ile ile ilikuwa inanyesha kwa kila mtu, na kila dirisha mtaani lilikuwa limefungwa.

Tukakimbia mlango kwa mlango. Mzee mmoja akatoka amekasirika. "Si wewe uliyesema hayana shida?"

"Nilisema, mzee. Sikusema yote. Naomba utoe sigiri nje."

Vyumba viwili tulikuta yanawaka ndani. Kwenye kimoja mama alikuwa analalamika kichwa kinamuuma tangu asubuhi, akidhani ni malaria.

Wa mwisho alikuwa Prossy, ana mtoto mchanga. Nikabisha. Kimya. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, lakini kuusukuma nikashindwa. Nilishaona kitanda na mtoto kichwani mwangu kabla ya kuona chochote.

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Mwalimu, unanitafuta mimi?"

Alikuwa barazani kwa jirani, mtoto mgongoni. Nikamuuliza kuhusu makaa.

"Nisamehe. Yalinishinda kuwasha, nikarudia yangu ya zamani. Niliona aibu kukuambia."

Nilikaa chini kwenye tope nikalia.

Hajati alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, kichwa bado kinamuuma. Nikaenda, nikamweleza kila kitu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, Hajati."

"Jumamosi utawaambia watu wote. Mimi nitakaa mbele nikutazame."

Niliwaambia. Wengine walirudisha makaa yao na hawajaonekana tena, siwalaumu. Hajati bado anayatumia, lakini nje, chini ya bati alilofungiwa na mume wa Akello. Salamu yangu anaitikia. Ila kila nikimaliza kufundisha, ananiuliza mbele ya watu, "Na ambalo hujasema?"

Nilichojifunza: kitu kizuri kwa mazingira kinaweza kumuua mtu kama umemweleza nusu. Mkipika kwa makaa, ya aina yoyote, pikieni nje au fungueni mlango na madirisha. Kichwa kikianza kuuma, toka kwanza, maswali baadaye.

Wenye vikundi kama chetu, mmewahi kuacha jambo ili watu wakubali? Semeni hapa bila kuoneana aibu.

Na nina ombi. Kuna mama mmoja alihamia Kawempe, hapa hapa Kampala, na gunia lake la makaa kabla ya haya yote. Simu yake haipatikani, nimeenda mara mbili sijampata. Kama uko Kawempe na una jirani anayepikia ndani makaa ya maganda, tafadhali kamgongee mlango. Leo tangu alfajiri inanyesha.