Leseni ya Nkinda

Mwaka 1951 barua ilishuka Malampaka pamoja na mzigo wa sukari, na Ernestina akaisoma palepale stesheni, amesimama. Mume wake, Nkinda, alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ya ziwa, na wenzake walikuwa wamemzika hukohuko. Aliikunja, akaisokomeza kifuani, akapanda lori kurudi Dutwa. Watu walipomwuliza habari za mume, alisema, "Mzima, anawasalimu."

Msimhukumu haraka, jamani. Duka lile la bati, lenye chumvi, sabuni na vitambaa vya amerikani, ndilo lililokuwa maisha yake. Mtoto hakuwa naye. Leseni ukutani ilikuwa na jina la Nkinda, na siku kilio kikipigwa, ukoo ungekaa na kumkabidhi duka shemeji yake Nkwabi, naye mwenyewe angerithiwa pamoja na mizani. Nkwabi! Mtu wa pombe na kesi za ng'ombe! Kwa hiyo Ernestina hakulia. Hakunyoa nywele. Kila Januari alikwenda boma la Maswa, akasema mume yuko machimboni, kamtuma alipie leseni. Karani mzee aligonga muhuri bila kuinua macho.

Lakini marehemu asiyeliliwa hatulii, Wasukuma wanalijua hilo. Mwaka wa pili Ernestina alianza kusikia kikohozi nyuma ya magunia, mchana kweupe, kile cha Nkinda cha kusafisha koo kabla ya kutaja bei. Mwaka wa nne aliacha kugeuka. Aliuza, akapika, akala, na woga ukimtafuna. Kwa mama mkwe wake, bibi Mbuke, ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Bibi hakujua kusoma. Kila mara aliuliza, "Mwanangu kaandika?" na Ernestina alimsomea barua alizozitunga mwenyewe. Bibi alicheka, akapiga vigelegele, akaenda kuwasimulia majirani.

Mwishoni mwa 1957 mteja mmoja wa kijiji cha Sola, Joakim, alikuja kununua mafuta ya taa. Akainama, akanong'ona: "Mayu, mama yangu, mzee amerudi lini? Nimemwamkia mwangaluka, hajaitikia. Amekaa tu pale kwenye gunia la chumvi."

Loo! Ernestina aligeuka. Hapakuwa na mtu, ila gunia lilikuwa limebonyea katikati.

Januari alipofika boma, alimkuta karani mpya, Januarius, mtu wa shati jeupe aliyesoma kila herufi.

"Mayu, miaka sita mwenye leseni hajafika hapa. Sasa ni amri: mwenye jina aje mwenyewe, aweke dole gumba. Yu hai?"

Ernestina aliivuta karatasi ya amri, akaisoma. Akisema yu hai, atapewa siku thelathini za kumleta. Asipomleta, leseni inafutwa. Akisema amekufa, inafutwa leo hii, na mpya atapewa yule tu atakayeletwa na ukoo. Lakini siku thelathini, mtu hupanga mengi! Alifungua mdomo aseme uongo wa saba, na nyuma yake, hapohapo begani, mtu akakohoa.

Aligeuka. Chumba kilikuwa kitupu.

"Amekufa," alisema. "Amekufa, karani. Futa."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Aliporudi Dutwa alisema mwenyewe kila kitu, na ukoo ukajaa uani. Nkwabi alichukua funguo siku ileile, kabla hata machozi hayajamkauka, kama aliyatoa. Wanawake wakamnyoa Ernestina, naye akalia kilio alichokibana miaka yote hiyo.

Bibi Mbuke hakupiga yowe. Alikuja akakaa kwenye ngozi karibu na mkwewe, akauliza Nkinda alikufa lini. Ernestina akamwambia. Bibi akahesabu mavuno kwa vidole, polepole.

"Mavuno hayo ndiyo tuliyomwoza binti yangu Apolonia," alisema. "Nilicheza siku mbili. Nilicheza, mwanangu yuko udongoni."

"Mama, nisamehe. Niliogopa kupoteza duka."

"Duka." Bibi alikitazama kile kichwa kilichonyolewa. "Ungeniambia mimi tu, Ernestina. Ningelia huko shambani, asinione mtu, na siri yako ningekutunzia mpaka naingia kaburini."